Nimepata chuo kidogo huko mashamba ya Marekani, baba anauliza nakwenda kusoma sanaa gani

KijanaWaKonde (Machi 24, 2024)

Assalamu alaykum ndugu zangu na Ramadhani karim. Mimi ni kijana wa Konde, Pemba, nimemaliza fomu siksi mwaka jana kwa PCB (fizikia, kemia na bailojia) nikapata daraja la kwanza alhamdulillah. Mwalimu wangu mmoja wa bailojia alinishikilia niombe vyuo vya Marekani, tukajaza mafomu kwenye intaneti kafe ya Chake Chake mana kwetu mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka, na mie wala sikutia maanani nlijua hawanipi. Juzi usiku nimetoka tarawehe nafungua imeili nakuta nimekubaliwa!! Tena na skolashipu ya karibu kila kitu, ada, chakula, dakhalia, inabaki kama dola elfu mbili kwa mwaka ambazo wanasema ntafanya kazi ndogo ndogo hapo hapo chuoni nizipate.

Sasa tatizo. Chuo chenyewe kiko jimbo la Iowa. Nimeutizama mji kwenye ramani ya Google, ni kimji kidogo kimezungukwa na mahindi, ukiivuta ramani nyuma unaona mraba wa kijani, mraba wa kijani, mraba wa kijani mpaka macho yanauma. Wanafunzi hawafiki elfu mbili. Baba kanambia, sasa wewe unatoka shamba unakwenda shamba, nauli yote hiyo ya nini?

La pili ndo baya zaidi. Aina ya chuo, kwa Kizungu liberal arts, nimeitia kwenye Google kutafsiri ikaniletea "sanaa huria". Nilipomtamkia baba neno sanaa nikawa nishaharibu. Kanyamaza pale barazani muda, kisha kasema mwanangu mimi nimepanda mikarafuu miaka yote hii usome, leo uende Marekani ukachore? Ami yangu alioko Unguja nae ndo anachochea, anasema bora nende SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, nikasome udaktari miaka mitano nitoke dokta kamili kuliko kwenda kupotea kwa watu. Na kweli huko kwenyewe wanasema mwaka wa mwanzo huchagui fani, unasoma hichi na kile mpaka mwaka wa pili ndo unasema unataka nini. Mie nataka udaktari.

Walosoma vyuo vya namna hii au wenye watoto huko nambieni, ni vyuo kweli? Maisha yakoje? Nna mpaka tarehe mosi Mei kuwajibu.

MalindiKongwe (Machi 24, 2024)

Alaykum salaam. Hongera kwanza, daraja la kwanza la PCB kutoka Konde si mchezo. Lakini mie nipo na ami yako. Marekani udaktari hapewi mtu alotoka fomu siksi. Kule unasoma kwanza digirii miaka minne, kisha unafanya mtihani wao unaitwa MCAT, kisha unaomba skuli ya udaktari miaka mengine minne, na hizo skuli nyingi hazichukui mtu wa nje, na zinazochukua ukitafuta wa kukulipia humuoni. Sasa "nataka udaktari" yako na hiyo barua yako haziko njia moja. Hapa miaka mitano na mwaka mmoja wa kuzungushwa mawodini ushakuwa dokta, kila harusi unaekwa mbele. Tena chuo gani cha watu elfu moja na kitu kwenye mahindi? Chuo kikuu kikuu bwana, kinaitwa kikuu kwa sababu.

BintiMkoani (Machi 25, 2024)

Kaka Malindi kwenye udaktari umesema kweli tupu na ntarudi hapo, ila kwenye ukubwa wa chuo unakisema usichokijua, nisamehe, na swaumu hii.

Mdogo wangu wa Konde, mimi nimesoma chuo cha namna hiyo hiyo Ohio, sikitaji jina mana mengine ntakayoyasema si mazuri. Mji ulikuwa na taa moja ya kuongozea magari, duka moja la vyakula, benki, makanisa kila kona, na baada ya hapo mahindi na soya mpaka yanagusa mbingu. Siku ya mwanzo nashushwa na gari ya chuo usiku nasikia vyura tu. Nikasema yarabi, nimepanda ndege tatu kuja kusikia vyura wa kwetu Mkoani, Pemba.

Kwa baba usilitamke tena neno sanaa. Mwambie hivi: zamani huko Ulaya elimu hii ilikuwa fani saba, nahau, balagha (ufasaha wa kusema), mantiki, hisabati, jiometri, falaki (elimu ya nyota) na muziki. Uweke muziki pembeni, halafu muulize mzee, hizo nyengine si ndo walizosoma masheikh wetu? Nani alikuwa alim wa kweli akajua fiqhi tu, hana nahau, hana mantiki, hajui falaki ya kibla na miezi? Basi ndo wazo lenyewe, mtu asomeshwe kufikiri na kusema na kuandika, kazi ije juu yake. Siku hizi ndani mna kemia, uchumi, kompyuta, historia, lugha, kila kitu, na cheti chako kitaandikwa bailojia ukisoma bailojia, hakitoandikwa kuchora. Mie nimemaliza kemia lakini karibu nusu ya masomo yangu haikuwa kemia. Nimesoma historia ya Bahari ya Hindi na profesa wa Kizungu alokuwa anaijua karafuu kuliko mimi mjukuu wa wachumaji. Nimejulia Ohio kwamba Pemba kuipita Unguja kwa karafuu kulitokana na kimbunga cha 1872 kilichoilaza mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika. Nlikaa darasani nikaona haya wallahi, miaka yote nimeanika karafuu juu ya jamvi sijawahi kujiuliza kwanini ni sisi.

Vyuo vyenyewe havifanani. Grinnell ya huko Iowa (kama ndo hicho usinambie) ina kozi moja tu ya lazima, ya semista ya mwanzo, mnakaa wanafunzi kumi na kitu na mwalimu mmoja mnasoma mnaandika mnabishana, na mwalimu huyo ndo anakuwa mshauri wako mpaka uchague fani. Yalobakia yote ni wewe na akili yako. Changu kilikuwa na mafungu, lazima uguse sayansi, uguse lugha, uguse mambo ya jamii. Ukienda muulize mtu kabla ya kuchagua, mana uhuru huo una raha yake na una shimo lake, nina mwenzangu alichagua kila kozi ilokuwa na jina zuri, mwaka wa tatu hana fani hata moja ilokamilika.

Sasa nije penyewe. Watu watakutisha na baridi. Baridi unanunua koti. Mimi kilichonitesa ni kusema. Darasa letu la historia tulikuwa watu kumi na moja, meza moja ya duara, profesa kakaa na sisi kama tunakula futari, hana ubao hana noti za kunukuu. Kauliza swali kanyamaza. Watoto wa Kimarekani wanarukia, mwengine hata kitabu hajakifungua anasema tu, na mie nilosoma kurasa zote mara mbili nimekaa kama sanamu. Kwetu mwalimu hakatizwi, unasubiri uulizwe, ukiulizwa unasimama. Septemba nzima sikufungua mdomo. Kumbe kuchangia kulikuwa na asilimia ishirini ya maksi! Profesa kaniita ofisini kwake, mie nishajua basi nadisko, nafukuzwa chuo, narudi Mkoani na aibu. Kaniuliza, unasoma? Nikamwambia nasoma vyote. Kaniuliza mbona husemi? Nikamwambia hujaniuliza. Yule mzee akanitizama, nadhani hakuwahi kujibiwa hivo. Kisha kanambia kila siku uje na swali moja umeliandika kwenye karatasi, uliseme ndani ya dakika kumi za mwanzo, likishatoka utaona mengine yanajitokea.

Mara ya kwanza sauti ilitetemeka mpaka mtu akanipa maji. Wiki ya tatu nikampinga kijana mmoja mbele ya wote, yeye kasema jambo kuhusu utumwa Unguja ambalo si kweli, nikamwambia si kweli na hivi na hivi. Nilipomaliza moyo unadunda, nangojea ugomvi, kwetu ukimpinga mtu hadharani mpaka mkalishwe na wazee. Yule kijana nje ya mlango kanambia twende tukale. Nlikuwa sielewi hawa watu wanakasirikia nini basi.

Na desa, yale majibu na noti za kunakili, lisahau. Hapa kwetu mtu anaponyooshewa desa la mwaka jana anashukuru. Mie esei yangu ya kwanza nilichukua sentensi mbili za kitabu nikazitia zangu bila kusema nimezitoa wapi, sio kwa kuiba, ndo nilivyozoea, tulikuwa tunapewa vema kwa kuandika kama kitabu. Nikafikishwa kwenye kamati. Mtu alonisimamia hakunieleza vizuri nna haki gani, nikalia usiku kucha, mwisho wakanipa onyo na nikaandika upya. Kwa hiyo wewe wiki ya kwanza uliza kila mwalimu wako kunukuu kunakuwaje, uliza hata ukionekana mshamba.

Mbona umshamba wetu una faida. Wenzangu walotoka Nairobi na Lagos walikuwa wanalia, hakuna mahali pa kwenda, kila mtu anajua kila mtu, ukikohoa Jumatatu Jumanne mpishi anakuuliza umepona? Mie nikasema jamani hii ni Mkoani tu yenye umeme wa uhakika. Profesa anakujua jina, anajua mama yako mgonjwa, anakualika kwake kula. Ukikosa darasa siku mbili mtu anagonga mlango. Kwenye chuo cha watu elfu arobaini ungeweza kuugua wiki nzima asijue mtu.

Udaktari. Kama unataka udaktari na si jengine, na unautaka ukiwa na miaka ishirini na sita, baki nyumbani, Kaka Malindi kasema kweli. Ila jiulize vizuri unataka udaktari au ndo neno pekee tunalopewa sote tulochukua PCB. Mie nilikuwa nataka udaktari vile vile. Leo nipo Unguja napima maji, na silii.

MtuWaMafagio (Machi 25, 2024)

Hahaha Binti vyura umeniua. Mimi nimesoma Berea, Kentucky, napo ni padogo, chini ya milima, wanafunzi kama elfu na mia tano. Kile hakitozi ada tangu 1892 ila kila mwanafunzi lazima afanye kazi ya chuo, si chini ya masaa kumi kwa wiki, uwe mtoto wa nani. Mie mwaka wa mwanzo nikapangiwa karakana ya mafagio!! Chuo kinatengeneza mafagio na kuyauza tangu 1920, yanafungwa kwa masuke ya mmea wa jamii ya mtama. Bibi yangu Wete aliposikia kwenye simu kasema, chelewa zimejaa uwani hapa, wewe umezifata Marekani? Mpaka leo nikienda kwake ananiita fundi.

Lakini kazi ile imenijenga. Unaingia saa kamili, si saa kamili ya kwetu, na bosi wako ni mwanafunzi mwenzako wa mwaka wa tatu. Nilivyoanza kuomba kazi hapa kila mtu ana cheti na mimi nna cheti na miaka minne ya kazi, imenisaidia.

Historia yake pia baba yako ataipenda. Kimeanzishwa 1855 na mchungaji alokuwa anapinga utumwa, John G. Fee, kwenye jimbo lenye utumwa, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe weusi na weupe wakasoma pamoja mpaka serikali ya jimbo ikatunga sheria 1904 ya kuwatenganisha. Ilikuja kulegezwa 1950. Mimi Muislamu kwenye chuo cha asili ya Kikristo hakuna alonilazimisha kitu. Ijumaa tulikuwa tunakwenda Lexington, tunachangia mafuta kwenye gari ya mwenzetu wa Bangladesh, siku nyengine hatuendi tunasali watu wanne chumbani.

Kijana jambo la pesa usilisahau, skolashipu hailipi viza. Kwa mwaka huu wa 2024 ni dola 350 za kile kitu wanaita SEVIS, ada ya kuandikishwa mwanafunzi wa nje, na dola 185 za viza yenyewe, na mahojiano ni ubalozini Dar kwa hiyo na boti na kulala. Anza kukusanya sasa hivi. Na usiseme kwenye mahojiano unakwenda kutafuta maisha, sema unakwenda kusoma na utarudi, na iwe kweli.

KijanaWaKonde (Machi 26, 2024)

Allah awalipe kheri nyote. Nimefuturu na baba jana nikamwambia habari ya nahau na balagha na mantiki. Kaacha kutafuna tende. Kasema hebu rejea. Nikarejea. Kasema falaki vile vile? Nikamwambia ndio. Hajasema kitu chengine lakini leo asubuhi nimemsikia anamwambia jirani "kijana wangu anataka kwenda kusoma mantiki". Kwa hiyo tumetoka kwenye kuchora 😂

Da Binti kuhusu kusema darasani umenitia hofu kweli, mimi ndo hivo hivo, skuli nilikuwa nakaa nyuma. Mama yeye maswali yake ni mengine: utakula nini, utasali wapi, utafunga vipi, na likizo utakwenda kwa nani. Hilo la likizo mie mwenyewe sikulifikiria.

UmmuWete (Machi 26, 2024)

Mama yako kauliza la maana kuliko nyote humu, na nyie mlosoma mbona hamkulisema?

Mwanangu yupo chuo kama hicho, jimbo hilo hilo la mahindi, mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa mwanzo mwezi wa Disemba wamefunga madakhalia wiki tatu na kitu. Imeili wametuma tangu Oktoba, yeye hakuisoma, anaona imeili za chuo kama matangazo ya maji. Siku ya kufunga kajikuta na begi mlangoni, theluji mpaka magoti, hakuna basi, uwanja wa ndege saa nzima kwa gari, na tiketi ya kurudi Zanzibar ni pesa ambayo hatuna hata tukiuza ng'ombe. Kanipigia saa nane usiku ya kwetu. Mimi niko Wete nitafanya nini? Nikakaa juu ya kitanda nalia na yeye analia.

Aliemuokoa ni mtoto alokuwa anakaa nae chumba kimoja, kampigia mama yake, mama kasema mlete. Watu wakulima. Wanafuga nguruwe! Iowa ndo kwao nguruwe, jimbo la kwanza Marekani nzima. Mwanangu kanipigia tena kwa kunong'ona, mama nipo nyumba ya nguruwe nifanyeje. Nikamwambia wewe umekwenda kulala au kula nguruwe? Lala. Kula mayai. Na wale watu, Mungu awaongoze kheri, wiki tatu hawakupika nguruwe ndani ya nyumba yao wenyewe. Yule mama kanunua sufuria mpya ya mwanangu peke yake. Mimi nimempelekea karafuu na mdalasini na khanga mbili, kanitumia picha kaitandika khanga mezani, sikumwambia si ya mezani.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini waandikie uwaulize: Disemba mnafunga? Mwanafunzi wa nje anakaa wapi? Analipa? Jiko la chakula linakuwa wazi? Vyuo vyengine wanawaacha watoto wa nje wakae, vyengine wanafunga. Wakujibu kwa maandishi.

Na jengine ambalo wanaume hawalisemi. Mwezi wa Novemba jua linazama saa kumi na moja kasoro robo. Mwanangu alikuwa mnyonge, anazungumza kidogo, "nipo mama, nimechoka tu". Mimi nikajua. Huko chuoni kuna washauri wa bure wa mtu alozidiwa na moyo, nilimuomba ende, akakataa kasema mimi si mwendawazimu, mpaka yule mwenzake wa chumba akamwambia hata yeye anakwenda. Alikwenda mara nne tu. Sasa kila Novemba anajua, anatoka nje mchana hata kwa baridi, anapika wali wa nazi ya kopo Jumamosi na wenzake.

BintiMkoani (Machi 26, 2024)

Bi mkubwa nimekubali kosa. Mie likizo nlikuwa nakwenda kwa shangazi Columbus ndo mana sikuwaza. Na imeili!! Kijana soma imeili zote, huko kila kitu ni imeili, hakuna ubao wa matangazo wala mtu wa kukufuata.

Kuhusu kufunga mwambie mama hivi. Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo miaka yako minne yote itaangukia kwenye baridi na mwezi wa Machi, na huko baridi mchana ni mfupi. Ukifika ya 2027 na 2028 utakuwa unafunga masaa kama kumi na mbili, siku nyengine hata chini yake, kuliko nyumbani nafuu. Wenye shida walikuwa sisi, mie mwaka 2015 nimefika kabla ya wenzangu kufanya programu ya kiangazi, Ramadhani ya Juni, futari kama saa tatu usiku, naliangalia jua na lenyewe linaniangalia. Chakula kuna upande wa wasiokula nyama kila siku, samaki, mayai, maharage. Waandikie mapema watu wa jikoni, mahali padogo mpishi anakusikiliza, wetu alikuwa ananiwekea daku kwenye kopo na jina langu.

Na Iowa humo humo, Cedar Rapids, kuna msikiti umejengwa 1934, ndo mkongwe kuliko yote ilojengwa makusudi iwe misikiti na bado imesimama Marekani. Mwambie baba Waislamu wameyakuta hayo mahindi kabla yeye hajazaliwa.

MalindiKongwe (Machi 27, 2024)

Haya mie si mkaidi, nguruwe na sufuria vimenilainisha. Lakini mambo mawili. Moja, ukirudi na digirii ya nje lazima ipelekwe TCU, tume ya vyuo vikuu, ikatambuliwe, weka kila karatasi, usirudi na picha za theluji tu. Pili, kama ni hii elimu ya meza ya duara, mbona hamumtajii Ashesi ya Ghana? Imeanza 2002, alieianzisha Patrick Awuah alisoma chuo kidogo cha hivi hivi Marekani, Swarthmore, kisha kafanya kazi Microsoft, akarudi kwao. Wako juu ya kilima Berekuso, nje ya Accra. Theluji hakuna.

BintiMkoani (Machi 27, 2024)

Ashesi nzuri sana kaka, ila ni kompyuta, biashara na uhandisi zaidi, bailojia yake hatoipata. Na skolashipu alonayo mkononi ni ya Iowa. Mwengine anaesoma hapa, mwakani aombe zote mbili.

Kijana kazi ya chuoni pia omba mapema, viza yako inakuruhusu mpaka masaa ishirini kwa wiki muhula ukiwa unaendelea lakini usifanye ishirini, mwaka wa mwanzo kumi inatosha. Omba maktaba. Ukikosa maktaba omba jikoni, unakula vizuri na unajua umbea wote wa chuo.

KijanaWaKonde (Machi 29, 2024)

Nimerudi. Nimewaandikia maswali yote ya UmmuWete, wamejibu siku ya pili yake, tena si mashine, mtu na jina lake. Disemba wanafunga lakini dakhalia moja inabaki wazi kwa watu wa nje, bure, na jiko la kupikia mwenyewe. Nimeichapisha ile imeili nikampa mama kaitia kwenye msahafu wake.

Baba katia swali moja tu la mwisho, kweli wana hiyo falaki au nimemdanganya. Tukatizama kwenye simu yangu pamoja, chuo kina jumba la darubini la kutizamia nyota, lipo pembeni ya viwanja vya mpira. Kaliangalia lile jumba muda mrefu. Kasema haya, nenda, na ule ubishi wa mwezi umeandama haujaandama utupigie simu wewe.

Ami wa Unguja bado amenuna. Na udaktari, Da Binti, nimejiuliza nlivoambiwa, sijui jawabu. Nna miaka miwili ya kutojua wanasema.

Sasa mnisaidie koti. Sokoni Darajani wanauza makoti ya mitumba lakini mie sijui lipi la theluji na lipi la mvua tu.

UmmuWete (Machi 29, 2024)

Usinunue Darajani utauziwa koti la pikipiki. Mwanangu kaacha lake la mwaka wa mwanzo hapa, limemfupikia mikono. Wewe ni mrefu?

KijanaWaKonde (Machi 29, 2024)

Wa kiasi tu bi mkubwa.

UmmuWete (Machi 29, 2024)

Basi niandikie kwenye sanduku la ujumbe nkuelekeze nyumbani. Njoo Jumamosi baada ya alasiri ulijaribu, na uje na mama yako, mfuturu hapa. Zipu inakwama kidogo chini, unaivuta huku umeishika.